Kwa Nini Ndege wa Mikindani Hutoka Mdogo na Ukungu Kwenye Picha

"Hiyo inavuta mpaka wapi?"

Kila nikikaa na kamera kando ya bahari Mikindani, swali ndilo hilo. Huuliza dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, huuliza mwalimu aliyekuja kupunga upepo, huuliza watoto wanaotoka kuokota kombe. Siwashangai, kwa sababu miaka miwili ya mwanzo nililala na kuamka na swali hilohilo. Nilikuwa na kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300. Nikimpiga mdiria wa mikoko, yule mwenye mdomo mwekundu na mgongo wa buluu, akiwa ametulia juu ya kigingi cha kufungia mtumbwi, jioni kwenye kompyuta nakuta doa la buluu lenye alama nyekundu. Manyoya hayaonekani. Jicho halionekani. Muuzaji aliyeniuzia kamera akaniambia dawa ni lenzi kubwa zaidi, nami nikaanza kudunduliza.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba swali hilo moja limefunga ndani yake maswali kama matano: ukubwa wa ndege kwenye sensa, wingi wa pikseli (vile vidoa vidogo vinavyounda picha), mtikisiko, mwanga, na hewa iliyoko kati yako na ndege. Lenzi ndefu hulijibu vizuri la kwanza. Mengine hayo, mara nyingi, huyazidisha ugumu. Nataka kuyafungua hapa kwa sababu nimeona vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaipenda kazi hii kwa moyo wote, kisha wanaiacha wakiamini kwamba kilichowakwamisha ni fedha.

Hesabu ya mdiria

Tuanze na hesabu ndogo ya kuzidisha na kugawanya. Mdiria wa mikoko ana urefu wa sentimita 20 hivi, yaani milimita 200. Ndani ya kamera kuna sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga. Ukubwa wa ndege anapoangukia kwenye sensa ni urefu wake halisi, mara milimita za lenzi, gawanya kwa umbali. Akiwa mita 40 kutoka ulipo, na lenzi yako ni ya milimita 300, jibu ni milimita moja na nusu. Basi. Ndege mzima, mdomo, mkia na jicho, vyote vimejibana ndani ya milimita moja na nusu.

Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa yenye upana wa milimita 24 hivi. Maana yake mdiria wako amechukua sehemu moja ya kumi na sita ya upana wa picha. Kama kamera ni ya megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, upana wake una pikseli 6,000, na mgao wa mdiria ni pikseli 375. Ukimkata na kumchapisha kwa ubora unaostahili, pikseli 300 kwa kila inchi, unapata ndege wa sentimita tatu na ushei.

Sasa sogea mpaka mita 20. Milimita tatu, pikseli 750. Sogea mpaka mita 10. Milimita sita, pikseli 1,500, na kwenye karatasi anakuwa na sentimita kumi na mbili na nusu. Kila unapolipunguza pengo kwa nusu, urefu wa ndege huwa mara mbili na eneo lake huwa mara nne, yaani kila unyoya unapata pikseli mara nne ya zile za mwanzo. Ungeng'ang'ania kubaki pale mita 40 ukitaka pikseli zilezile 1,500, ungehitaji lenzi ya milimita 1,200. Lenzi ya milimita 600, ambayo ndiyo ndoto ya wengi wetu, kutoka mita 40 inakupa ndege sawasawa na yule wa lenzi ya 300 kutoka mita 20.

Mimi hesabu hii ilinibadilisha. Niliifanya nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, taa ikiwa imewashwa na familia imeshalala, na nikajiuliza: mita 20 zile, je, kweli siwezi kuzipata kwa miguu yangu?

Lakini kabla ya miguu, kuna mkanganyiko mmoja ambao lazima tuutatue. Utasikia wapigapicha wakisema, "Kwenye kamera yangu lenzi ya 300 inakuwa 450." Hawadanganyi, ila kauli hiyo hupotosha. Kamera zenye sensa kubwa zina upana wa milimita 36. Zenye sensa ndogo, hizo za milimita 24, zinachukua sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi imekileta. Ni kama kutazama nje kupitia dirisha dogo: mnazi ulioko nje haujasogea karibu, umeona kipande chake tu. Mdiria wetu wa mita 20 ana milimita tatu kwenye sensa kubwa na milimita tatu vilevile kwenye sensa ndogo. Kinachobadilika ni msongamano wa pikseli. Kamera ya sensa ndogo yenye megapikseli 24 inampa 750. Ya sensa kubwa yenye megapikseli hizohizo 24 inampa 500, kwa kuwa pikseli zake ni kubwa na zimetawanyika. Ndiyo maana kwa ndege wadogo wa mbali, kamera ya bei nafuu inaweza kumshinda ndugu yake ghali, maadamu jua lipo.

Na simu? Kamera kuu ya simu nyingi ina lenzi ya milimita tano au sita tu. Mdiria wa mita 20 anakuwa na sehemu sita za mia za milimita moja, pikseli sitini hivi. Ukivuta kwa vidole, programu inazipanua hizo sitini na kubuni zilizobaki, ndiyo maana ndege hutoka kama amepakwa rangi za maji. Simu za bei kubwa zina lenzi ya pili inayovuta kweli, mara tatu, tano au kumi. Kinachozidi hapo ni kupanua tu, hata kama tangazo linasema mara mia. Hilo lisikukatishe tamaa. Kinyonga kwenye ua wa michongoma, kaa wa mikoko, kipepeo juu ya ua la mkorosho, hao wote wanapigwa vizuri kabisa na simu, kwa sababu unaweza kuwafikia kwa kiganja.

Kilichoko kati yako na ndege

Umbali una madhara mengine ambayo pikseli haziwezi kuyaponya. La kwanza ni hewa. Umewahi kutazama barabara ya lami ya Mtwara kwenda Lindi saa saba mchana? Mbele unaona kama maji yanacheza. Hayo ni mazigazi: ardhi imepata moto, hewa iliyo karibu nayo imepanda ikiwa nyembamba, ile ya juu inashuka, na mwanga unaopita katikati ya hewa hizo mbili unapinda huku na huku. Mchanga wa ufukweni na tope lililopwewa na maji hufanya vivyo hivyo. Ukimpiga ndege aliyesimama juu ya tope lenye joto, mita 60 kutoka kwako, manyoya yatatoka yameyeyuka hata kama lenzi ni ya thamani ya gari. Lenzi ndefu haipiti chini ya hewa hiyo; inaikuza pamoja na ndege.

Watu wengi wamerudisha lenzi nzima dukani kwa ajili ya mazigazi. Jipime hivi: piga kitu kilekile saa moja asubuhi na saa saba mchana, kutoka mahali palepale. Picha ya asubuhi ikiwa kali na ya mchana ikiwa na ukungu, lenzi yako haina kosa.

La pili ni mtikisiko, na hapa mambo mawili tofauti huchanganywa kila siku. Mkono wako hutetemeka, na lenzi inayomkuza ndege hukuza na mtetemeko. Kanuni ya zamani ya wapigapicha inasema kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie, isipungue sekunde moja ukiigawanya kwa milimita za lenzi. Kwa lenzi ya 300 kwenye sensa ndogo, ambayo hapa inahesabiwa kama 450, weka 1/500 ya sekunde au zaidi. Kamera nyingi siku hizi zina kituliza mtikisiko, na husaidia sana. Lakini kifaa hicho kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi ndege.

Ndege anayeruka mita kumi kwa sekunde, ambayo si mbio kubwa kwao, husogea sentimita mbili ndani ya 1/500 ya sekunde. Kwa umbali wa mita 20 na lenzi ya 300, sentimita mbili hizo ni pikseli 75 za kuvurugika. Ukienda 1/2000 bado ni pikseli 19. Ndiyo sababu anayepiga ndege warukao humfuata kwa lenzi, mwili ukizunguka kiunoni, akianza kumfuata kabla hajabonyeza na akiendelea baada ya kubonyeza, kama mtu anayemwaga maji kwa ndoo kwenye mche ulio mbali. Ukimfuata sawasawa, mwili na kichwa vinatulia kwenye sensa, na shata ya kasi inabaki na kazi ya kuyakamata mabawa. Jizoeze kwa kunguru. Wapo kila mahali na hawachoki kuruka.

Vifuu na mvua

Sasa tunafika kwenye fundo ambalo limewatoa wengi jasho: kasi ya shata, tundu la lenzi, na ISO. Vitabu huvichora kama pembetatu. Mimi nilielewa siku nilipoacha pembetatu na kufikiria mvua.

Chukua vifuu mia, vipange uwanjani wakati mvua inanyesha. Kila kifuu ni pikseli moja, na matone ni mwanga. Kasi ya shata ni muda unaoviacha vifuu nje. Tundu la lenzi ni upana wa paa lililofunguliwa juu yake. Mvua ya masika ikishuka, kila kifuu kitajaa karibu sawa na mwenzake, na ukitazama kutoka juu utaona uso ulio laini. Yakiwa manyunyu, na umeviacha nje kidogo tu, kimoja kitapata matone matatu, cha jirani kimoja, kingine hakuna. Kutolingana huko ndiko tunakoita chenga. ISO haileti tone hata moja. Ni sauti inayopazwa baada ya matone kukusanywa. Ukiipandisha, picha inang'aa, na chenga zilizokuwamo tangu mwanzo zinasikika.

Kwa hiyo anayesema "ISO kubwa huharibu picha" amemkamata aliyekuwa shahidi. Mhalifu ni uhaba wa mwanga. Ukitoka 1/250 kwenda 1/2000 umepunguza mwanga nusu, tena nusu, tena nusu, yaani umebaki na sehemu moja ya nane. ISO 200 inakuwa 1600, na ni sawa kabisa. Picha yenye chenga kidogo lakini jicho la ndege liko kali inaweza kusafishwa. Picha laini ambayo ndege amevurugika haina tiba. Miaka ile nilikuwa naiogopa ISO kama nyoka, nikapoteza ndege wengi kwa shata ya 1/160.

Tundu nalo lina siri yake. Ile namba, f/4 au f/6.3, ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya 600 yenye f/6.3 inahitaji kioo cha mbele chenye upana wa milimita 95, karibu sentimita kumi, na ndiyo maana lenzi hizo zina uzito wa kilo mbili hivi. Ukitaka f/4 kwa urefu huohuo unahitaji kioo cha milimita 150, na bei yake huwezi kuitaja mbele ya mke wako. Kile kipande cha kuongeza urefu kinachofungwa kati ya kamera na lenzi nacho kinadai malipo: kinachozidisha mara 1.4 kinakunyang'anya nusu ya mwanga, cha mara mbili kinakuachia robo. Hakuna njia ya kuukuza umbali bila kulipa kwa mwanga.

Hapo sijagusa bado yangeyange. Ndege mweupe ni mtihani wa peke yake, kwa sababu kamera haijui kwamba ni mweupe. Inadhani dunia yote ni ya kijivu cha wastani. Yangeyange mmoja mdogo mbele ya giza la mikoko: kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na ndege anaungua, anakuwa kama karatasi isiyo na unyoya. Hapo punguza mwanga, hatua moja (yaani nusu yake) au zaidi. Kundi la yangeyange lililojaza picha nzima: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, na wanatoka wachafu kama nguo zilizofuliwa kwa maji ya tope. Hapo ongeza. Ndege ni yuleyule, marekebisho yanapingana, na kila mtu hukosea mara kadhaa kabla mkono haujazoea. Ukiwa na shaka, punguza. Weupe ulioungua haurudi, giza linaweza kuangazwa baadaye.

Maji ndiyo yanayoleta ndege

Nirudi kwenye mita 20 zangu.

Nilianza kuzitafuta kwa kutembea. Nilikwenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Nililipa kiingilio, nikashuka ufukweni kumtafuta ndege mla kaa. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mweusi mnene usio wa kawaida kwa ndege wa tope. Vitabuni ni Dromas ardeola. Hutaga mayai ndani ya mashimo ya mchangani kwenye fukwe za Bahari ya Shamu na za Bara Arabu, kisha huja kwetu kupitisha miezi isiyo ya kuzaa. Ghuba ya Mnazi ni mojawapo ya mahali anapopapenda.

Walikuwa kama thelathini, mbali juu ya tope. Nikaenda. Nilipofika mita 80 wakaruka, wakatua mbele zaidi. Nikaenda tena. Wakaruka tena. Mara ya nne nilikuwa nimelowa hadi magotini, na mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mkoko akaniita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unawafukuza mpaka lini?"

Nikamwambia nataka kuwapiga picha. Akacheka kidogo, akaonyesha bahari kwa sindano yake ya nyavu. "Leo bamvua. Kaa hapa kwenye kivuli. Maji yatakuletea."

Kila mvuvi wa pwani hii anajua alichokuwa anakisema, lakini sikuwahi kukisoma popote kwenye maelezo ya upigaji picha. Ndege wa tope hula pale maji yanapokupwa, kwa sababu kaa na minyoo wako huko. Maji yakianza kujaa, tope linapungua, na wao wanarudi nyuma hatua kwa hatua, wakisukumwa kuelekea nchi kavu, mpaka wanabanana kwenye kipande kidogo cha mchanga au kwenye mashamba ya chumvi. Ukiwafuata, unakuwa adui anayekuja. Ukikaa mahali watakaposukumiwa, kabla hawajafika, unakuwa gogo.

Na bahari yetu ina saa zake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yanajaa karibu na saa nne, na hayaendi mbali. Sasa ongeza jambo jingine: pwani ya kusini inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini na kukupiga usoni, ndege wote wanakuwa vivuli vyeusi. Alasiri jua liko nyuma yako, juu ya minazi, linawamulika ndege mbele yako. Kwa hiyo bamvua ya jioni inakupa vitu vitatu kwa pamoja: maji yanayowasogeza ndege, jua lililo mgongoni kwako, na upepo wa baharini uliokwisha kuipoza hewa. Nikiwa na Jumamosi moja tu kwa mwezi, ninaichagua ile iliyo karibu na mwezi mpevu.

Ukitaka mwanga wa asubuhi, subiri siku nne baada ya bamvua, maji yatajaa baada ya saa moja, na utafute mahali ambapo ghuba imejikunja ili usiangaliane na jua. Mikindani kuna kona kama hizo, na mlango wa mto Lukuledi pale Lindi pia. Mchana hapana. Tuko karibu na nyuzi kumi kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Februari na karibu na tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na jicho la ndege linazama kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe.

Kuna mambo machache ya kukaa. Kaa chini, usisimame. Binadamu aliyesimama ni umbo ambalo kila ndege analijua. Lala kifudifudi ukiweza, na lenzi iwe usawa wa jicho lake, mandhari ya nyuma italainika yenyewe. Ukilazimika kusogea, usiende moja kwa moja wala usimkazie macho, pita kama mtu anayekwenda kwingine. Ndege akiacha kula na kunyoosha shingo, simama hapohapo. Hiyo ndiyo mita yako ya mwisho kwa leo.

Hili la mwisho nalisema kwa uchungu kidogo. Vitwitwi wanaokaa kwetu kuanzia Septemba, wengine wamezaliwa kwenye tundra ya Siberia. Mwezi Machi na Aprili wanakula ili kujaza mafuta ya safari ya kurudi. Kila mara tunapowarusha kwa ajili ya picha, wanachoma akiba hiyo. Na kwenye viota ni mbaya zaidi: mayai yaliyoachwa kwenye jua letu yanaweza kuharibika. Mimi kiota sikipigi, na mahali kilipo simwambii mtu.

Msituni hali ni nyingine kabisa. Kule Rondo, Lindi, chini ya miti mikubwa mwanga ni manyunyu matupu, hata ukiwa na tundu la f/4 utajikuta kwenye ISO 6400 saa tano asubuhi. Rondo ndiko kulikompa jina komba mdogo aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1997, mmoja wa komba wadogo kuliko wote, gramu 60 hivi, na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Anatoka usiku. Macho yake yameumbwa kukusanya kila chembe ya mwanga gizani, kwa hiyo flashi ya karibu usoni mwake ni ukatili. Tochi hafifu nyekundu na shata ya polepole vinatosha, na ukikosa, umekosa.

Kuhusu watu: lenzi ndefu inatisha. Kabla ya kuingia kijiji chochote, pita kwa mwenyekiti, salimia, onyesha picha zako za jana. Usielekeze lenzi kwenye mitambo ya gesi wala bandarini, hata kama ndege ametua juu yake. Na kamera yenyewe ilinde dhidi ya chumvi; kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji baridi kila jioni, kisha kisanduku kinachofungwa vizuri chenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, la sivyo kuvu itaota ndani ya vioo kabla masika haijaisha.

Siku ile ya Msimbati nilikaa chini ya mkoko kuanzia saa nane. Maji yalikuja polepole, kwanza yakijaza mifereji, halafu yakafunika tope kipande kwa kipande. Ndege wala kaa walikuwa mita 80, kisha 50. Ilipokaribia saa kumi mmoja akaja peke yake mpaka mita 12 kutoka kwenye lenzi, ana kaa mdomoni. Akamtikisa kushoto na kulia mpaka miguu ikaanza kudondoka, akammeza, akasimama akitazama maji. Kwa lenzi ileile ya 300 alichukua karibu nusu ya upana wa picha.

Niliporudi kwa mzee nikampa kamera. Aliishika kwa mikono miwili, akaikuza picha kwa kitufe nilichomwonyesha, akakaa kimya kitambo. Akaniuliza kama rangi hiyo ni ya kweli au ni ya mashine. Nikamwambia ni ya kweli.

"Nimezaliwa hapa," akasema, "nimewaona wakija kila mwaka. Sikujua kama miguu yao ina buluu."